TAHARIRI: Zibeni mabomba ya majitaka kwanza, bustani za Mto Nairobi zingoje

Ukishuka Gikomba au ukivuka daraja kule Korogocho siku hizi, hutakosa kuwaona. Ni vijana wa rika lako, riflekta kifuani, gambuti miguuni, reki mkononi. Wanavuta mifuko ya plastiki, nepi, matambara na viatu vya mtumba vilivyokosa mnunuzi kutoka kwenye tope jeusi. Malipo ni Sh500 kwa siku. Jioni wakifunga kazi ukingo unapendeza. Kuna mahali pamepandwa nyasi na miti, na mtu anaweza kusimama hapo akapiga selfi bila aibu. Lakini hebu tazama maji yenyewe. Ni meusi vilevile kama jana, na harufu ni ile ile.

Hapo ndipo tulipo na swali leo. Tunaliuliza katika ukurasa wa vijana kwa sababu kazi hii mnaifanya nyinyi, ushuru wake mtaulipa nyinyi, na mto huo mtabaki nao nyinyi baada ya waliouzindua kustaafu.

Tuanze na kilichopo mezani. Mwishoni mwa 2022 serikali iliunda Tume ya Mito ya Nairobi. Oktoba 2024 Rais William Ruto akazindua Climate WorX, mpango wa kuajiri vijana wa mitaani kusafisha mito, na Machi 2025 akazindua mradi mkubwa wa kuufufua Mto Nairobi, kipande cha takriban kilomita 27, kwa Sh50 bilioni. Ukisoma mpango wenyewe utakuta kila kitu ndani: mabomba makuu ya majitaka, upanuzi wa mtambo wa kusafisha majitaka wa Kariobangi, njia za miguu na baiskeli, masoko, nyumba na bustani.

Hatuna ugomvi na hata kimoja kati ya hivyo. Jiji lenye mamilioni ya watu halina mahali pa maana pa kuketi kando ya maji, na kijana wa Huruma anastahili kivuli cha mti sawa na yule wa Karen. Ugomvi wetu ni kipi kianze. Bustani huonekana kwenye kamera. Bomba lililozikwa futi kumi chini ya barabara halikatiwi utepe, halichezewi ngoma, na hakuna mheshimiwa atakayesimama juu yake kuhutubia. Uchaguzi ni 2027. Ukiwa mwanasiasa mwenye miezi michache ya kuonyesha kazi, ungeanza na kipi?

Ndiyo maana tunasema majitaka yazibwe kwanza.

Watu wengi hudhani mto huu umeuawa na plastiki. Plastiki ni mbaya, inaziba mitaro na kuleta mafuriko, lakini samaki hafi kwa sababu ameona chupa ya soda ikielea. Anakufa kwa kukosa hewa. Kinyesi, damu ya machinjio na mabaki ya vyakula vikiingia mtoni, bakteria huvila, na wakivila wanatumia oksijeni iliyo ndani ya maji. Uchafu ukizidi, oksijeni inaisha. Hapo hubaki wale bakteria wasiohitaji hewa, na hao ndio wanaotoa ile harufu ya mayai viza unayoifahamu ukipita daraja la Outering Road ukiwa ndani ya matatu, dirisha likiwa wazi.

Wataalamu wana kipimo chake, kinaitwa BOD. Ni kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watahitaji ili kumaliza uchafu ulio ndani ya lita moja ya maji. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka miligramu 30 kwa lita kuwa kikomo cha maji yanayoachiliwa kuingia mtoni. Majitaka mabichi, yale yanayotoka chooni moja kwa moja, huwa na mamia ya miligramu. Sasa piga hesabu. Vijana mia moja wanaweza kuokota taka mchana kutwa, lakini bomba moja lililopasuka usiku linamwaga mtoni kitu ambacho reki haiwezi kukishika. Wazee wetu walikuwa na jina la kazi ya namna hiyo: kutwanga maji kwenye kinu.

Na uchafu huo unatoka wapi? Hapa tunakuomba uwe mkweli kidogo. Tumezoea kuwanyooshea vidole wakazi wa Mathare, Mukuru na Kibra. Ni kweli vyoo vingi huko vinaelekea mtoni, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapelekea bomba. Lakini je, wewe unayeishi Pipeline, Zimmerman au Kasarani, ghorofa ya sita, choo cha ndani, maji ya Jumanne na Ijumaa, umewahi kuuliza ukivuta maji chooni yanaenda wapi? Sehemu kubwa ya jiji hili haijaunganishwa na mfumo wa majitaka. Nyumba zilijengwa haraka kuliko mabomba. Mwenye ploti akikosa bomba karibu anachimba shimo, na shimo likijaa anaita lori la kunyonya, na si kila lori hufika mahali pa kumwaga palipoidhinishwa. Mwingine anaona hata lori ni gharama, anaelekeza bomba lake kwenye mtaro wa maji ya mvua. Mtaro wa maji ya mvua unaishia mtoni. Kwa hivyo wewe pia umo, hata kama kodi yako ni elfu ishirini na mlango wenu una mlinzi.

Fuata mto wenyewe uone. Unaanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, mahali pa ajabu ambapo mimea imefumana juu ya maji kiasi kwamba ukiikanyaga ardhi inatikisika kama godoro. Wakazi waliojiunga katika kundi la Friends of Ondiri Wetland wamekuwa wakipanda miti kandokando na kupigania kinamasi hicho kisivamiwe. Kutoka hapo maji yanateremka kupitia Dagoretti na Kawangware, yanapita karibu na Makavazi ya Kitaifa, yanafika Kirinyaga Road ambako oili chafu ya gereji ina njia yake ya kuingia, kisha Gikomba, kisha Eastlands. Mto Mathare unaleta mzigo wake kutoka upande mmoja. Mto Ngong unaleta wake kutoka upande mwingine, baada ya kupita Kibra, Industrial Area na Mukuru. Mito yote mitatu inapokutana mashariki mwa jiji, unaweza kusahau kwamba kulikuwa na Ondiri.

Ndani ya safari hiyo kuna Nairobi Dam. Bwawa hilo lilijengwa 1953 kuhifadhi maji ya dharura ya jiji, na kuna wakati watu walikuwa wakienda huko kuendesha mashua za tanga. Leo limefunikwa na gugumaji na kujaa tope. Gugumaji halikujiotea tu. Majitaka yana naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea kabisa, na gugumaji linakula mbolea hiyo na kunenepa. Unaweza kuling'oa lote mwezi huu kwa mamilioni ya shilingi. Kama majitaka bado yanaingia, baada ya muda utalikuta limerudi.

Tuseme pia kwamba hii si mara ya kwanza jiji hili kuahidiwa mto safi. Mwaka 1999 kulianzishwa mpango wa bonde la Mto Nairobi ukisaidiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri. Mwaka 2008 marehemu John Michuki alipofanywa Waziri wa Mazingira alivamia kazi kwa ule ukali wake uliozoeleka. Taka ziliondolewa, gereji zikasukumwa mbali na maji karibu na mzunguko wa Globe, na miti ikapandwa. Alifika hata kuamuru mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji kwa sababu inakunywa kupita kiasi. Kwa muda mambo yalionekana kubadilika. Michuki alifariki Februari 2012. Leo kuna bustani yenye jina lake pale karibu na Globe, bustani nzuri kweli, nenda ukaione. Ukifika sogea hadi ukingoni uone mto unaopita kando yake una rangi gani. Bustani ilibaki. Maji hayakubaki.

Matingatinga nayo tumeyaona. Agosti 2018 yalibomoa Ukay Centre kule Westlands na South End Mall kule Lang'ata, kwamba zilikuwa kwenye ardhi ya mto. Watu walishangilia, wakasema safari hii hata matajiri wameguswa. Kisha injini zikazimwa. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Machi hadi Mei yaliyoua zaidi ya watu 200 kote nchini, matingatinga yakawashwa tena, ila safari hii yalielekea Mathare na Mukuru, juu ya mabati. Familia zilizofurushwa ziliahidiwa Sh10,000 kila moja. Keja ya chumba kimoja ukijumlisha deposti, elfu kumi inakufikisha wapi?

Hapa kuna jambo linalotukera, na tutalisema wazi. Kanuni za 2006 ziliweka mpaka wa ukingo kuwa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kulingana na kiwango cha juu zaidi ambacho mafuriko yamewahi kufika. Sababu ni ya kisayansi, si ya urembo. Ukingo wenye matete, nyasi ndefu na miti ya kiasili hupunguza kasi ya maji na kukamata tope, na mizizi yake hubeba bakteria wanaokula uchafu. Ni figo za mto. Sasa, kama mita 30 ni hatari kwa nyumba ya mabati, ni hatari kwa ghorofa pia. Na kama ukingo ni figo za mto, kuumwagia zege ili upate njia nzuri ya kutembea ni kuziua hizo figo. Zege pia huharakisha maji, ili mafuriko yaliyokuwa yakuzamishe wewe yamzamishe jirani aliye chini zaidi. Nyumba zinazopangwa katika mradi huu zikae nje ya mpaka huo, zote, bila kumpendelea mjenzi yeyote. Na aliyefurushwa mwaka 2024 awe wa kwanza kwenye orodha ya kupewa ufunguo, si wa kwanza kuambiwa ajaze fomu kwenye mtandao.

Kuna wanaosema mto uliooza hivi hauwezi kupona. Wanakosea, na mfano wetu haukutoka mbali na lami na viwanda. Kule Cleveland, mji wa viwanda huko Ohio, Marekani, kuna mto unaitwa Cuyahoga. Juni 1969 mto huo ulishika moto. Ndiyo, moto. Mafuta na taka za viwanda zilikuwa zimefunika maji kiasi kwamba yaliwaka, na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria kali ya maji safi, na mwaka huo huo eneo hilo likaunda mamlaka ya pamoja ya kushughulikia majitaka. Walianza na mabomba, mitambo na faini kwa viwanda. Miaka mingi hakukuwa na cha kupigia picha. Mwaka 2010 serikali kuu ilipoanza kutoa mamilioni ya dola kila mwaka kwa ajili ya kurejesha makazi ya samaki na ndege katika Maziwa Makuu na mito inayoyalisha, pesa hizo zilikuta maji ambayo samaki anaweza kupumua ndani yake. Mwaka 2019, miaka 50 baada ya ule moto, wakuu wa mazingira walilegeza masharti ya kula samaki wa Cuyahoga. Mwaka uliofuata wakabomoa bwawa la zamani lililokuwa likiwazuia samaki kupanda juu.

Miaka 50. Hatukutaji muda huo ili ukate tamaa. Tunautaja ili mtu akikuambia utaogelea mtoni kabla ya muhula wake kuisha, ujue anacheza na akili yako. Muhimu ni ule mfuatano. Laiti wangepanda maua kandokando ya Cuyahoga mwaka 1970, maua yangeungua.

Turudi nyumbani kwa vijana wenye reki. Hii nchi ina desturi yake: kila serikali mpya huwapa vijana riflekta. Mwaka 2009 ilikuwa Kazi kwa Vijana, na kufikia 2011 mpango huo ulikuwa umezongwa na madai ya pesa kuliwa. Mwaka 2020, korona ilipobana, ikawa Kazi Mtaani. Sasa ni Climate WorX. Majina yanabadilika, reki ni ile ile, na mradi ukiisha kijana anarudi baze akiwa na ujuzi aliokuwa nao siku ya kwanza. Hatudharau Sh500. Kwa wengi ni unga, ni nauli, ni karo ya mdogo wake. Lakini kama bilioni 50 zinatumika, na kama mitaro inapaswa kuchimbwa na mabomba kulazwa kwa miaka kadhaa ijayo, kwa nini kijana wa Korogocho asifundishwe ufundi wa mabomba, kuunganisha nyumba na mfumo wa majitaka, kupima maji na kuandika matokeo? Vyuo vya ufundi vipo. Kazi ya kulaza bomba haiishi mto ukisafishwa, kwa sababu kila nyumba mpya itahitaji bomba. Hiyo ndiyo ajira. Ile nyingine ni kibarua.

Na usalama wao je? Tope la mto huu lina sindano, vyuma vya kutu, mikojo ya panya na kinyesi cha jiji zima. Anayeingia humo anastahili chanjo ya pepopunda, glavu zinazobadilishwa zikitoboka, maji safi ya kuoga kabla ya kupanda matatu, na mtu wa kumlipia hospitali akiugua. Ukiwa unafanya kazi hiyo na hujapewa hivyo, kuuliza si utovu wa nidhamu.

Tusisahau kwamba kuna vijana walioanza kabla ya serikali kufika. Korogocho, kundi la Komb Green Solutions lilichukua kipande cha ukingo kilichokuwa jaa na kukigeuza bustani ya umma, watoto wakapata mahali pa kucheza. Walifanya sehemu yao, na zaidi. Wasiloweza kufanya kwa reki na jembe ni kuzuia majitaka yanayotoka juu, kwa watu wengine, katika kata nyingine. Hiyo ni kazi ya kaunti, kampuni ya maji, mamlaka ya mazingira na serikali kuu, na kwa miaka mingi wamekuwa wakirushiana kama mpira wa kona.

Labda wewe uko mbali na mto na unaona haya hayakuhusu. Sawa, tuongee kuhusu sukuma wiki. Sehemu ya mboga zinazouzwa jijini hukuzwa kandokando ya mito hii, nyingine zikinyweshwa majitaka yenyewe, kwa sababu hayana bili na yana mbolea. Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa karibu na jaa la Dandora, ambalo limekaa ukingoni mwa mto huu tangu miaka ya sabini. Watoto 328 walipimwa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Risasi hudumaza akili ya mtoto. Hao waliokuwa na miaka mitano wakati ule, leo ni watu wazima wa rika lako. Huenda ni mwenzako darasani.

Nairobi nayo si mwisho wa safari ya maji. Mto unaungana na Athi na kwenda mbele. Wikendi ukipanga roadtrip na marafiki kwenda Fourteen Falls, lile povu jeupe utakaloliona chini ya maporomoko, na zile chupa zilizonasa kwenye mawe, sehemu yake ni zawadi kutoka jijini. Mbele zaidi, mpakani mwa Makueni na Kitui, kunajengwa bwawa la Thwake ambalo watu wa Ukambani wamelisubiri kwa hamu ili wanywe na wanyunyizie mashamba. Litajazwa na maji ya Athi. Halafu mto huo huo unapita Tsavo, unaitwa Galana, kisha Sabaki, na unaingia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Mvuvi wa pale hajawahi kuvuta maji choo cha Pipeline, lakini yanamfikia.

Kwa hivyo tunataka nini? Tunataka Tume ya Mito ichapishe ramani ya kila bomba na mtaro unaomwaga uchafu katika mito hii, wa kiwanda, wa ghorofa au wa kaunti yenyewe, na tarehe ya kuzibwa kwake. Tunataka vipimo vya BOD na vya oksijeni kila mwezi, kuanzia Ondiri hadi Ruai, vikibandikwa mahali ambapo mwananchi anaweza kuvisoma kwa simu. Kama mto unasafika, tarakimu zitaonyesha na sisi tutakuwa wa kwanza kupongeza. Kama hausafiki, tujue kabla ya bilioni 50 kwisha, si baadaye katika ripoti ya Mkaguzi Mkuu. Nyasi na viti vya bustani vingoje pale ambapo bomba la kando yake bado linatiririsha.

Na kuna kitu unaweza kufanya wewe mwenyewe kabla ya wiki kuisha, bila maandamano na bila kusubiri kiongozi. Kipengele cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na kipengele cha 35 haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka uandike barua tu, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kwa afisa mkuu mtendaji wa taasisi husika. Huhitaji wakili na huhitaji kueleza sababu. Uliza bomba lililo karibu zaidi na mtaa wenu linamilikiwa na nani, mara ya mwisho kupimwa ilikuwa lini na matokeo yalikuwa yapi. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa, andika tarehe juu yake, kisha uanze kuhesabu.